Mizani ya Pili

Mwaka 1950 mkulima wa pamba wa Usukuma aliijua bei kabla hajatoka nyumbani. Serikali ya kikoloni iliitangaza kila msimu: bei moja kwa ratili ya pamba safi, na nyingine ya chini kwa ratili ya pamba fifi. Machifu walielezwa, makarani wakaandika, watu wakaambizana njiani. Mnunuzi hakuweza kuipunguza mbele za watu. Kitu ambacho mkulima hakukijua ni uzito. Alikuwa amepanda, amepalilia, amevuna, ametenganisha safi na fifi, amefunga mzigo na kuufikisha gulioni kwa kichwa au kwa baiskeli. Pale gulioni kazi yote ya msimu iligeuka kuwa namba moja, na namba hiyo ilisomwa na mtu mwingine, kwenye mizani ya mtu mwingine, ikaandikwa kwenye daftari la mtu mwingine.

Bei ikishafungwa, mwizi huhamia kwenye mizani. Mkono ukiegemea kidogo, jiwe la mizani likiwa si sawa, namba ikisomwa haraka na kuandikwa pungufu, ratili tano au kumi zinapotea na hakuna aliyevunja bei ya serikali. Wakulima wengi hawakuwa wamepata shule. Hata aliyesoma alibaki na neno lake dhidi ya neno la mwenye mizani, na neno la mwenye mizani lilikuwa na karatasi.

Mimi nasoma shahada ya uzamili katika historia, na ninaishi Pasiansi, kwenye barabara inayotoka mjini Mwanza kwenda uwanja wa ndege. Rafiki zangu kadhaa wamesomea kompyuta. Tukikaa jioni, wao huzungumzia mitandao ya kijamii isiyo na mmiliki mmoja, ile ambayo kila kundi linaendesha seva yake na seva zote zinazungumza. Swali linalowasumbua ni hili: bila ofisi kuu ya kusema nani ni nani, mtu atamwaminije mwenzake? Wanaliuliza kana kwamba lilizaliwa pamoja na intaneti. Nadhani watu wa kanda hii ya Ziwa wamelijibu zaidi ya mara moja. Walipatia vizuri sana mara moja, na mara nyingine wakakosea kwa gharama ya maisha ya watu. Majibu yote mawili yanafaa kusomwa na anayejenga mtandao leo.

*

Jibu la kwanza lilikuwa rahisi kiasi kwamba vitabu hulipitia kwa sentensi moja. Wakulima waliweka mizani ya pili.

Kabla ya kuwa na ushirika wenye hati, vikundi vya wakulima vilianza kuchangishana na kuweka wapimaji wao kwenye magulio. Ukiitazama kwa macho ya serikali, kazi ya mpimaji huyo ilikuwa ndogo sana. Hakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu. Hakununua pamba. Hakupanga bei wala daraja. Alipima tu, na mkulima akawa na namba mbili badala ya moja.

Namba mbili zikilingana, hakuna habari. Zikitofautiana, mwenye mizani ya kwanza analazimika kueleza, na anaeleza mbele ya foleni. Hapo ndipo nguvu yote ya mpango ule ilipokuwa. Mpimaji wa wakulima hakuhitaji kuwa mtakatifu. Alilipwa na watu ambao hasara ya mizani mbovu ilikuwa yao, kwa hiyo masilahi yake yalielekea upande usio wa mnunuzi. Mnunuzi alitamani namba ishuke, mpimaji alitamani isishuke, na baina ya matamanio hayo mawili uzito wa kweli ulipata nafasi ya kuonekana. Pia mnunuzi mwaminifu hakupoteza kitu. Kinyume chake, kwa mara ya kwanza alipata njia ya kuthibitisha kwamba hapunji, jambo ambalo maneno yake peke yake yasingeweza kulifanya hata angeapa.

Wanunuzi na wenye viwanda vya kuchambua pamba wakati huo wengi walikuwa Wahindi, na malalamiko ya wakulima yalibeba chuki ya rangi ndani yake. Nalitaja jambo hilo kwa sababu baadaye historia itatuonyesha kama tatizo lilikuwa rangi au kitu kingine.

Mtu aliyegeuza manung'uniko hayo kuwa taasisi ni Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925, akafanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, na mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliongoza kuundwa kwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Vyama vya msingi vya pamba vikaanza kuandikishwa chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, ambayo kwa miaka ishirini ilikuwa imewanufaisha zaidi wakulima wa kahawa wa kwingineko. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, yaani shirikisho la vyama vikuu vya ushirika vya kandokando ya Ziwa Victoria.

Neno shirikisho lisipite hivi hivi, kwa sababu rafiki zangu wa kompyuta hulitumia lilelile wakizungumzia seva zao. Muundo ulikuwa hivi. Chini kabisa kulikuwa na chama cha msingi, watu wa vijiji vya jirani waliojuana kwa sura, kwa koo na kwa madeni. Hao walichagua kamati, na kamati ikasimamia mizani. Juu yake kulikuwa na chama kikuu cha eneo, na juu kabisa shirikisho lenye ofisi Mwanza. Mkulima wa Geita hakuhitaji kumjua mkulima wa Maswa. Alihitaji kuijua kamati yake, kamati ikijue chama kikuu, na chama kikuu kijulikane Mwanza. Imani ilisafiri kwa hatua fupifupi, na kila hatua palikuwa na mtu anayeweza kuulizwa na anayelala mahali panapojulikana.

Mtandao huo ulikuwa imara kiasi cha kubeba mizigo ambayo haukujengewa. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na muda mfupi baadaye serikali ikaizuia kufungua matawi Jimbo la Ziwa. Zuio hilo lilidumu hadi mwaka 1958. Katika miaka hiyo chama cha siasa hakikuwa na ofisi Usukuma, lakini vyama vya ushirika vilikuwapo karibu kila penye gulio. Vilikuwa na mikutano halali, viongozi waliochaguliwa na watu waliozoea kuuliza hesabu mbele ya kadamnasi. Bomani mwenyewe alikuwa mtu wa ushirika na mtu wa TANU kwa wakati mmoja. Watu waliojifunza kuhoji ratili walikuwa tayari kuhoji utawala.

*

Halafu wakashinda, na ushindi ndio ulioleta tatizo.

Kufikia mwaka 1960 pamba yote ya jimbo ilikuwa ikipita mikononi mwa vyama vya ushirika. Mfanyabiashara binafsi aliondoka gulioni. Shirikisho likanunua na kujenga viwanda vyake vya kuchambua pamba, na likasifiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Bomani aliingia serikalini, akawa Waziri wa Kilimo na baadaye Waziri wa Fedha. Kwa mtu aliyeanza na kilio cha mizani, hiyo ni safari ya kujivunia.

Lakini rudi gulioni, usimame kwenye foleni. Mizani ni ngapi? Ni moja. Aliyekuwa akimkagua mnunuzi sasa ndiye mnunuzi. Karani wa chama anasoma uzito, anauandika na kulipa, na mkulima akitilia shaka namba hiyo hana mahali pengine pa kuupeleka mzigo wake. Zaidi ya hapo, shaka yenyewe imebadilika sura. Zamani kumshuku mwenye mizani kulikuwa ujasiri. Sasa kulionekana kama kuvisaliti vyetu.

Malalamiko yaliyofuata yangeweza kunakiliwa kutoka miaka ya 1940, isipokuwa majina: kupunjwa ratili, pesa kuchelewa, kamati kuajiri ndugu, wafanyakazi kuwa wengi kuliko kazi. Mwaka 1966 Rais Nyerere aliunda Kamati Maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za masoko nchi nzima, na taarifa yake ilieleza wizi, uzembe na wanachama wasiojua haki zao. Kabla ya muongo huo kwisha shirikisho lilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza Cooperative Union. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika kote nchini, ikaachia mashirika ya umma kununua mazao, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha.

Hapa ndipo swali la rangi linapopata jibu. Makarani wa miaka ya 1960 walikuwa watoto wa vijiji vilevile. Walisali na wakulima, walizikana nao. Bado ratili zilipotea. Kwa hiyo mizani ilidanganya alipoishika mgeni, na ilidanganya alipoishika ndugu. Kilichofanana katika nyakati hizo mbili ni kwamba ilikuwa mizani moja. Katika kipindi kifupi cha katikati, ambapo mtu angeweza kupima mara mbili kwa watu wenye masilahi tofauti, wizi ulipata aibu ya kuonekana.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Shirikisho lilikuwa na madaftari mengi sana. Walilopungukiwa ni daftari la pili, linaloandikwa na mtu ambaye hana haja ya kulilinda la kwanza.

*

Jibu la pili la kanda hii lilitoka mahali tofauti kabisa, na halipendezi kusimuliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vilikuwa na hofu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeisha na silaha zimezagaa, uchumi wa nchi ulikuwa taabani, ng'ombe waliibwa kwa makundi, na polisi walikuwa mbali na wachache. Kati ya mwaka 1981 na 1982, maeneo ya Kahama, watu walianza kujipanga wenyewe kwa pinde na mishale. Wakaitwa sungusungu, jina la wale siafu weusi. Kikundi cha kijiji kimoja kilikifundisha kijiji jirani, nacho kikafundisha kinachofuata, na kwa muda mfupi vikaenea mkoa kwa mkoa. Hakukuwa na makao makuu wala katiba moja, wala mtu aliyeweza kuamuru vyote visimame. Ukitafuta mtandao wa kijamii usio na kitovu katika historia ya Tanzania, huu ni mfano mmojawapo ulio wazi kabisa.

Ulifanya kazi. Yowe likipigwa kijiji kimoja, kijiji cha pili kililipokea na kulipeleka mbele, na mwizi wa ng'ombe akakuta njia zimefungwa asubuhi. Adhabu yao kubwa pia ilikuwa ya kimtandao: kumtenga mtu. Aliyetengwa hakusalimiwa, hakuazimwa moto, hakupata wa kumsaidia msibani, na jirani aliyekaidi naye alitozwa faini. Wanaoendesha seva leo hufanya jambo la aina hiyohiyo wanapokata mawasiliano na seva inayoeneza matusi. Mwalimu Nyerere na chama tawala waliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa ili kuwapa nafasi ya kisheria.

Sasa tuulize swali letu. Sungusungu walihakikije kwamba mtuhumiwa ni mwizi kweli? Mara nyingi kwa ushahidi wa kawaida: nyayo, mali iliyokutwa, mtu aliyeona. Ila mara nyingine kwa sifa. Fulani anajulikana. Kila mtu anasema. Na palipokosekana nyayo, mganga aliulizwa. Vikundi hivyo havikuishia kwa wezi wa ng'ombe. Viliwagusa pia waliosemwa kuwa wachawi, na hao wengi wao walikuwa wanawake wazee.

Mauaji ya vikongwe Usukuma hayakuanza na sungusungu wala hayakufanywa na wao peke yao. Yaliendelea kwa miaka mingi, na mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilitajwa sana. Alama iliyotumika kuwatambua ilikuwa macho mekundu. Bibi aliyepika maisha yake yote kwenye moshi, kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa pale ambapo kuni zimekwisha, alikuwa na macho mekundu kwa sababu hiyo hasa. Moshi wa jiko lake ukawa ushahidi dhidi yake.

Kuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri ya kumwonya mtu asidharau tetesi. Ukiifanya kuwa kanuni ya hukumu, inaua. Kijiji kizima kikisema bibi yule ni mchawi, inaonekana kama mashahidi mia mbili. Lakini mia mbili hao wote wamelisikia neno lilelile kutoka kisimani palepale. Ni shahidi mmoja aliyerudiwa mara mia mbili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepima kitu kwa mkono wake, na hakuna aliye na masilahi upande wa pili, kwa sababu kumtetea aliyetuhumiwa ni kujitia kwenye foleni nyuma yake.

Kwa hiyo mtandao usio na kitovu hauna wema wa asili. Magulio ya pamba na makundi ya upinde vyote vilitawanya mamlaka kwa watu wa kawaida. Tofauti yao ilikuwa nani anapimwa. Mizani ya pili ilimpima mwenye nguvu, aliyekuwa na fedha, karatasi na kiwanda. Tetesi ilimpima mtu dhaifu kuliko wote kijijini, na yeye hakuwa na mahali pa kudai kupimwa upya.

*

Historia hii haijaisha, na Pasiansi unaiona kila wiki.

Upande mmoja kuna kikoba. Karibu kila mtaa una vikundi vya kuweka na kukopeshana, na ukipata nafasi ya kukaa kwenye kikao chao utaona ufundi uliozidi programu nyingi. Fedha zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku anatunza mtu mmoja, na funguo wanatunza watatu wengine, kila mmoja wake. Hakuna anayeweza kulifungua akiwa peke yake, na wawili wakila njama bado wanamhitaji wa tatu. Hisa hazisemwi tu, zinapigwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, mbele yake. Kabla ya kuondoka, salio linahesabiwa kwa sauti na wanachama wanatakiwa kulishika kichwani. Kikao kijacho kinaanza kwa kuulizwa: tulifunga na shilingi ngapi? Akina mama wanajibu kwa pamoja, hata yule asiyeandika jina lake.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hakuna anayeona kufuli kuwa tusi. Kwetu kuhesabu fedha alizokupa mtu mnayeheshimiana, mbele yake, kunaweza kuvunja undugu. Kikoba kimeiondoa aibu hiyo kwa kuifanya hesabu kuwa ibada ya kila kikao. Mwenyekiti anahesabiwa, mtunza sanduku anahesabiwa, mwanachama mpya anahesabiwa. Ukaguzi unaomhusu kila mtu haumtuhumu mtu. Ukisubiri mpaka uanze kushuku ndipo ukague, umeshamtuhumu, na mara nyingi umeshachelewa.

Upande wa pili kuna ule ujumbe. Simu nyingi hapa zimewahi kuupokea kwa namna moja au nyingine: ile hela itume kwenye namba hii, jina litatokea la fulani. Mwandishi hamjui mpokeaji. Anatupa nyavu kwa maelfu akitegemea kwamba mahali fulani kuna mtu ambaye kweli anadaiwa, na kweli anasubiri kupewa namba. Tangu mwaka 2019 laini za simu nchini zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 zilianza kuzimwa zile ambazo hazikusajiliwa. Ukaguzi wa kitovu haujawahi kuwa mkali kiasi hicho. Bado ujumbe unakuja.

Angalia jinsi wizi huo ulivyo na akili. Hauukwepi uhakiki, unautumia. Jina linatokea kweli. Mfumo umejibu kwa usahihi swali la laini hii imesajiliwa kwa jina la nani. Swali la mtumaji lilikuwa jingine: je, huyu ndiye ninayemdaiwa? Mfumo hauwezi kulijibu hilo, lakini kwa kuwa umejibu kitu, kwa herufi safi na kwa kujiamini, mtu anahisi amehakikisha. Anayejiokoa ni yule anayepiga simu kwa namba ya zamani aliyonayo na kuuliza, shikamoo mjomba, ni wewe umeniandikia? Hiyo simu ni mizani ya pili. Njia yake ni tofauti na njia ya ujumbe, na mwizi hakuishika.

*

Sasa naweza kurudi kwenye seva za rafiki zangu.

Mastodon, mtandao unaotajwa sana katika familia hiyo, ulianzishwa mwaka 2016 na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko. Hauna kampuni moja inayomiliki kila kitu. Kila kundi linaweza kuendesha seva yake, kama chama cha msingi, na seva zinapelekeana ujumbe kwa lugha ya pamoja iitwayo ActivityPub, ambayo shirika la viwango vya wavuti liliidhinisha Januari 2018. Hakuna tiki ya kununua. Mtu akitaka kuthibitisha kwamba akaunti ni yake, anaweka kiungo cha tovuti yake kwenye akaunti, na tovuti nayo inaweka kiungo cha kurudi kwenye akaunti. Seva ikiona viungo viwili vinatazamana, inaonyesha alama. Na mtu yeyote, bila kuomba ruhusa, anaweza kwenda kuviangalia mwenyewe.

Linganisha na tiki ya bluu. Twitter iliianzisha mwaka 2009 kama mhuri wa kitovu: sisi tumemkagua mtu huyu. Novemba 2022, baada ya Elon Musk kuinunua kampuni, tiki ikaanza kuuzwa, na mtu mmoja akainunua akajifanya kampuni ya dawa ya Eli Lilly na kutangaza insulini bure. Mwenye mizani alikuwa amebadilisha maana ya jiwe, na foleni haikuwa na pengine pa kupima. Hata mhuri unapotolewa kwa uangalifu una mpaka wake. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye mtandao huohuo ilidukuliwa, na uongo mzito ukatoka chini ya jina la kweli kabisa. Mhuri unakuhakikishia mlango ni wa nani. Haukuambii leo kaingia nani.

Kwa hiyo viungo viwili vya Mastodon ni hatua nzuri, na viko karibu na gulio kuliko ofisi. Ila tusiviongezee uzito. Wakulima walitofautisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya. Kulikuwa na uzito, na kulikuwa na daraja. Uzito mizani inausema. Safi au fifi inahitaji jicho, mkono na hukumu ya mtu. Kujua akaunti ni ya nani ni uzito. Kujua kama anasema kweli ni daraja, na hakuna hesabu ya kompyuta iliyowahi kulipanga bila mtu kuinama na kuchambua. Mtandao unaojisifu kwamba umemaliza tatizo la uaminifu kwa sababu tu umethibitisha majina unafanana na gulio lenye mizani sahihi na karani anayeita kila pamba fifi.

Pia kuna tishio la shirikisho letu. Seva moja ikiwa nzuri, watu wataijaa. Ikiwajaa wengi, ndogo zitaona uvivu kuendelea. Kutawanyika kwa mamlaka hakujilindi. Mwaka 1955 shirikisho lilikuwa njia ya kuwa na mizani nyingi, na miaka mitano baadaye lilikuwa mizani moja kubwa, bila mtu yeyote kupanga uovu. Lilifika hapo kwa kura, kwa nyimbo na kwa mafanikio. Anayejenga mtandao leo akiambiwa kila mtu amehamia kwake, huo ndio wakati wa kuwa na wasiwasi.

Na kuna tishio la kijiji. Akaunti elfu zikimtuhumu mtu mmoja kwa siku moja, tusihesabu elfu. Tuulize wangapi kati yao waliona kitu kwa macho yao, kwa njia iliyo tofauti na ya mwenzake. Mara nyingi jibu ni mmoja, na mara nyingine hakuna. Kisha tuulize kama mtuhumiwa ana mahali pa kusema pimeni tena, na kama anayemtetea atabaki salama.

Rafiki zangu huniuliza historia inawasaidia nini watu wa programu. Huwa nawapa maswali matatu ya gulioni. Mizani ya pili iko wapi? Anayeishika analipwa na nani? Na yule wa mwisho kwenye foleni, asiyesoma, aliyekuja kwa miguu, anaruhusiwa kuitumia bila kuonekana mkorofi? Mtandao ukishindwa kuyajibu, basi iwe seva ni moja au ni elfu kumi, mkulima bado anajua bei na hajui uzito.